Maswali Yenu: Mchana Naona Vizuri, Usiku Taa Zina Miiba

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mchana niko poa, giza likiingia macho yananigeuka, je naweza kutengenezewa miwani yangu mwenyewe ya usiku? Nimechukua sita, nitajibu kwa kirefu pale panapostahili na kwa kifupi pale pasipo na mengi. Ila kabla hatujaanza naomba tukubaliane kitu kimoja maana bila hicho tutazunguka tu. Lenzi haiongezi mwanga, hata iwe imechongwa na mashine ya namna gani. Mwanga mdogo ulioko gizani ni ule ule, kazi ya lenzi ni kuufikisha ndani ya jicho bila kuumwaga njiani na kuuangusha pale pale unapotakiwa. Kwahiyo usianze kuuliza lenzi gani, anza kuuliza mwanga wangu unapotelea wapi.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa masafa, nina miaka 41, navaa miwani mainasi 1.25 tangu nikiwa kijana. Mchana sina shida hata kidogo. Usiku bango nililozoea kulisoma kwa mbali nalisoma nikiwa nimeshalifikia, na taa za magari yanayokuja zina miiba pembeni, kama nyota aliyoichora mtoto. Nimepimwa mara mbili naambiwa namba haijabadilika. Nimesikia kuna lenzi za usiku anazotengenezewa mtu binafsi, ni kweli au ni maneno ya kuuzia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, unachokiona ni cha kweli na wala hao waliokupima hawakukudanganya. Walipima jicho lako la mchana, we unaendesha na jicho la usiku, na hayo ni kama macho mawili tofauti yanayokaa tundu moja.

Iko hivi. Kwenye mwanga mkali mboni inabana mpaka milimita 2 au 3, gizani inafunguka mpaka 6, vijana wengine 7 hata 8. Mboni ikiwa ndogo inakusitiri makosa mengi sana. Ukitaka kuamini vua hiyo miwani yako, chukua kijikaratasi kigumu, kitoboe kwa ncha ya sindano, chungulia kwenye kile kitundu uangalie maandishi ya mbali, utashangaa yale yaliyokuwa na ukungu yanakaa sawa bila lenzi yoyote. Mboni ya mchana ni kitundu hicho. Sasa ikifunguka kutoka milimita 3 kwenda 6, kosa la namba halijaongezeka lakini doa la ukungu linalochorwa nyuma ya jicho kipenyo chake kinakuwa mara mbili na eneo lake mara nne. Robo ya namba ambayo mchana hukuwa hata na habari nayo, usiku inakuja kudai deni lake lote.

Juu ya hapo jicho lenyewe gizani huwa linaongeza mainasi kidogo, yaani ile namba ya mtu asiyeona mbali vizuri. Hili ni jambo la zamani, mwaka 1789 Nevil Maskelyne, aliyekuwa mwanaastronomia mkuu wa mfalme wa Uingereza, alieleza kwamba akiangalia nyota anahitaji lenzi kali kuliko anayotumia mchana, na mwaka 1883 mwanafizikia Lord Rayleigh naye akaligundua kwenye macho yake mwenyewe. Sababu zipo kadhaa na zinashirikiana: mwanga unaopita kingoni mwa jicho unapindwa zaidi kuliko unaopita katikati, na mboni ikiwa wazi ndio kingo zinapata nafasi ya kufanya kazi, jicho likikosa kitu cha kukikamata gizani linajikunja lenyewe na kukaa kama linaangalia kitu kilicho umbali wa mita moja hivi, alafu gizani jicho linahama kutoka kupenda njano-kijani kwenda kupenda bluu-kijani, na bluu inapindika zaidi.

Ila nisikukuzie mambo. Barabarani sio giza totoro, taa zako zinamulika, dashibodi inawaka, kwahiyo mabadiliko yenyewe mara nyingi ni robo, kwa wachache nusu, na kuna watu hawabadiliki kabisa. Ndio maana hilo halikisiwi, linapimwa.

Na kuna lingine ambalo wateja hawaambiwi na mimi linaniuma. Chati ya herufi inawekwa mita 6. Tunasema hiyo ni "mbali" lakini kihesabu sio mbali kabisa, gawanya 1 kwa 6 unapata 0.17 ya namba ambayo bado ipo hapo. Chumba kikiwa kidogo na chati ikakaa mita 3 bila kutumia kioo cha kurefusha umbali, inafika 0.33. Ukimkamilishia mtu namba kwa chati ile alafu ukamwachia barabara anayotakiwa kuangalia mita 200 mbele, umempunja. Mchana mboni ndogo inafidia hata asijue. Usiku nani afidie?

Hiyo miiba sasa. Jaribu hivi ukiwa umepaki, sio unaendesha: angalia taa moja ya mbali kupitia kioo cha gari, alafu inamisha kichwa polepole kuelekea begani. Miiba ikiinama pamoja na kichwa chako basi ipo machoni au kwenye miwani. Ikibaki ilivyo, ni kioo cha gari, mikwaruzo ya waipa au ule utando wa mafuta unaojijenga upande wa ndani ambao watu wengi hawaufuti mwaka mzima. Kama imeinama, vua miwani ujaribu tena, ujue ni ya lenzi au ya jicho. Miiba ya jicho mara nyingi inaleta habari za silinda, yaani jicho halijawa duara sawasawa, na silinda ya nusu iliyoachwa bila kuandikwa, au iliyoandikwa lakini aksi, yaani mwelekeo wake, imekosewa nyuzi kadhaa, mchana inavumilika.

Kwahiyo rudi kupimwa, na safari hii ukifika usiseme "nipime macho". Sema "naendesha usiku, naomba unimalizie na taa zikiwa chini". Mi nikipata mtu kama wewe namaliza vipimo vya kawaida kwanza, alafu nazima taa za chumba, tunakaa kama dakika 10 hivi hatufanyi kitu, napunguza mwanga wa chati, na hapo ndio narudia aksi ya silinda na kuweka robo, natoa robo. Namkumbuka baba mmoja aliyekaa kwenye kile kiti mikono amekunja, anaonekana kabisa amekuja kwa sababu mkewe kamlazimisha. Nikamwekea robo moja ya mainasi kwenye fremu ya majaribio gizani. Akanyamaza. Nikaitoa. Akasema "hebu rudisha." Nikarudisha, akasogea mbele ya kiti kama anataka kuishika ile herufi, akasema "sasa hii mbona imekuwa nyeusi?" Neno hilo hilo, imekuwa nyeusi. Herufi ilikuwa inasomeka tangu mwanzo ila ilikuwa ya kijivu, na mtu anayevuka barabara usiku amevaa nguo za giza ni herufi ya kijivu pia.

Ikigundulika unahitaji hiyo robo basi tengeneza miwani ya pili, ya kuendeshea, uiache kwenye gari. Usiivae mchana kutwa, hasa ukisogelea miaka 45, itakuchosha kusoma. Na wala usiongeze mainasi kwa kukisia kwamba ikizidi ndio vizuri, kijana mwenye misuli ya jicho yenye nguvu atafurahia ukali huo dukani alafu jioni kichwa kinamgonga.

SWALI: Habari za kazi daktari. Nina mainasi 6 na silinda macho yote, kazi zangu za jioni mpaka usiku. Nilipoenda kubadilisha lenzi nikapewa machaguo mawili, lenzi ya kawaida na lenzi ya kidijitali inayochongwa kwa ajili yangu peke yangu, na hiyo ya pili bei imepanda haswa. Wakasema itaniongezea uwezo wa kuona usiku. Nashindwa kuamua, dada yako.

JIBU: Nzuri dada. Wewe ndio mtu ambaye hizo lenzi zinaweza kumsaidia kweli, lakini kwanza nijibu: walikupima nini? Walikuvalisha ile fremu uliyoichagua, wakakuambia simama wima uangalie mbele kama kawaida yako, wakachukua vipimo ukiwa umeivaa? Kama hawakufanya hivyo, kama walichukua tu namba yako kwenye karatasi na kuandika "kidijitali", basi hakuna kitu cha kwako hapo ndani, ni lenzi nzuri ya mtu yeyote iliyouzwa kwa jina lako.

Maana neno hili la "kutengenezewa" linabeba mambo matatu na wauzaji wanayachanganya. La kwanza ni namna miwani inavyokaa usoni mwako: umbali kati ya mboni na mboni, tunaita PD, na upimwe kila jicho kivyake kuanzia katikati ya pua kwa sababu nyuso chache sana zina pande mbili zinazolingana, urefu wa mboni ndani ya fremu, nafasi kati ya lenzi na jicho, ambayo kawaida ni milimita 12 mpaka 14, fremu imelala kiasi gani na imejikunja kiasi gani kuzunguka uso. Kwa mtu wa mainasi 1 ukikosea hapo hatajua. Kwako wewe wa mainasi 6, lenzi ikikaa milimita 3 pembeni na mboni yako tayari jicho linavutwa prizimu 1.8 (prizimu ni kipimo cha picha kusogezwa pembeni), na misuli inafanya kazi ya kurudisha picha mahali pake siku nzima. Nilishaletewa miwani mpya kabisa, mwenyewe analalamika usiku taa moja inataka kuwa mbili, nikaiweka kwenye mashine ya kusoma lenzi, namba zote sahihi, ila kitovu cha lenzi ya kulia kimekaa milimita 4 mbali na jicho la mwenyewe. Namba sahihi mahali pasipo sahihi.

La pili ni uso wa lenzi wenyewe. Lenzi ya kawaida umbo lake limeshaandaliwa kwa makundi, namba kadhaa zinashea umbo moja, kwahiyo katikati inakuwa safi na ukiangalia pembeni inaanza kulegea. Hii ya kidijitali kompyuta inakokotoa kila sehemu ya uso wa lenzi kwa namba yako na fremu yako, alafu ncha ya almasi inaichonga nukta kwa nukta. Faida yake inaonekana pembeni mwa lenzi, na inaonekana zaidi kwa namba kubwa, silinda kubwa, fremu zilizojikunja, na wale wanaovaa progresivu, ile lenzi moja yenye namba ya mbali na ya karibu. We unaingia kwenye mawili kati ya hayo. Usiku utakaona kautulivu fulani ukigeuza macho bila kugeuza kichwa.

La tatu ndio lenye maneno mengi. Kuna mashine inapiga mwanga mwembamba ndani ya jicho, ule mwanga ukirudi unapita kwenye safu ya vijilenzi vidogo vingi na mashine inachora ramani ya jinsi jicho lako linavyopinda mwanga sehemu mbalimbali za mboni, ikiwemo zile kingo zinazofunguka usiku tu. Ni kipimo kizuri na nakipenda. Ila kasoro nyingi za kwenye ramani ile haziwezi kuhamishiwa kwenye miwani, kwa sababu miwani imekaa na jicho linazunguka nyuma yake, ukiangalia kushoto tu ile sahihisho inakuwa imekaa sehemu isiyo yake. Kinachowezekana ni kutumia ramani hiyo kutafuta namba ya kawaida, yaani mainasi, silinda na aksi, inayokufaa mboni ikiwa kubwa na sio mboni ndogo peke yake. Hiyo ni faida ya kweli. Wakikuambia lenzi yako itachongwa kwa usahihi wa 0.01 badala ya robo, sikiliza tu ila usilipie hiyo, binadamu yule yule ukimpima leo na kesho majibu yake yanapishana mpaka robo nzima.

Na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, dada, chukua antiglea, lile tabaka la kuzuia mwanga usirudi nyuma, kabla ya vyote. Lenzi tupu ya kawaida inarudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande, jumla 8. Zile lenzi nyembamba ambazo watu wa mainasi 6 mnazikimbilia zinarudisha zaidi, yenye faharasa (kipimo cha nguvu ya lenzi kupinda mwanga) 1.67 inapoteza kama asilimia 12 na ya 1.74 kama 14. Sasa huo mwanga mbaya wake sio kupotea peke yake, mwingine unagonga ndani kwa ndani na kukuchorea vivuli vya taa ambazo hazipo. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aligundua mwaka 1935 kwamba ukipaka tabaka jembamba sana juu ya kioo unaweza kuuzima huo mrudisho, na lenzi ya leo yenye tabaka kadhaa nzuri inapitisha mpaka asilimia 99. Kutoka 86 mpaka 99, hicho ndicho kitu pekee nitakachokiita kuongeza mwanga leo. Kuhakikisha kama yako inayo ni rahisi, ishike chini ya taa ya dari uangalie picha ya taa juu ya lenzi: ikiwa nyeupe na kali kama kwenye dirisha, haina, ikiwa hafifu na ina rangi ya kijani au zambarau, inayo. Alafu usiifute na pindo la nguo, tafadhali. Maji, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Lenzi yenye mafuta ya vidole inatawanya taa za usiku hata iwe imechongwa na nani.

SWALI: Daktari mambo vipi, zile miwani za njano za kuendeshea usiku vipi, zinafanya kazi? Rafiki yangu anaapa nazo.

JIBU: Salama kijana. Hazifanyi, na nakuomba umwambie na rafiki yako. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens kule Boston walichapisha kwenye jarida la JAMA Ophthalmology, waliwaweka watu 22 kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji wa usiku, kuna mtu anatembea kwa miguu na kuna mwanga wa taa za gari linalokuja, wakawavalisha njano na nyeupe kwa zamu. Njano haikuwasaidia kumuona yule mtu. Namuelewa rafiki yako anachokisikia, njano inafanya mambo yaonekane yamechangamka na mng'aro unahisi umepungua, lakini umepungua kwa sababu mwanga wote umepungua, pamoja na ule kidogo uliokuwa unamulika mtu wa pembeni mwa barabara. Viwango vya kimataifa vya lenzi vinataka lenzi ya kuendeshea usiku ipitishe si chini ya asilimia 75 ya mwanga, na miwani nyingi za rangi hazifiki hapo. Pesa ya njano iweke kwenye antiglea. Akili yako ikitaka zaidi ya hapo, basi wakikupiga taa usiziangalie, tupa macho kwenye mstari wa pembeni ya barabara upande wako mpaka gari lipite.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 44. Simu naisoma vizuri ofisini, jioni sebuleni kwenye taa hafifu siioni kabisa mpaka ninyooshe mkono. Nimeanza kuwa kipofu wa usiku?

JIBU: Marahaba, hapana mama, umeanza miaka 44. Lenzi ya ndani ya jicho inaanza kukakamaa umri huo, na ofisini mboni ndogo inakusitiri, jioni mboni inafunguka sitara inaondoka. Ni kile kitundu cha sindano nilichomwambia dereva. Pima ya kusomea, na washa taa iliyo nyuma ya bega lako. Kusoma kwenye mwanga hafifu kunachosha ila hakuharibu jicho, kwahiyo lala usingizi.

SWALI: Daktari habari. Baba yangu ana miaka 69, analalamika usiku kila taa ina duara kubwa la mwanga kuizunguka na akipigwa taa haoni kitu sekunde kadhaa. Tumeshambadilishia miwani mara mbili ndani ya mwaka na nusu, ya pili tukamtengenezea zile lenzi maalum kabisa. Bado. Tujaribu za aina gani sasa?

JIBU: Msijaribu ya tatu, mwanangu. Namba inayobadilika haraka kwenye umri huo, duara kwenye taa, kupigwa taa na kukaa gizani muda mrefu, vyote hivyo vinanifanya niwaze mtoto wa jicho, yaani ile lenzi ya ndani imeanza kuwa na ukungu. Hapo mwanga unatawanyika ukiwa umeshaingia ndani ya jicho, na miwani iko nje. Mnachonga dirisha vizuri na ukungu upo chumbani. Mimi ni mpimaji, simpasui mtu, kwahiyo mpelekeni kwa daktari wa macho amuwekee dawa ya kupanua mboni aangalie lenzi na nyuma mpaka retina, ule utando unaonasa mwanga, na presha ya macho ipimwe siku hiyo hiyo. Na mwambieni daktari dawa zote za macho anazotumia, maana kuna matone ya presha ya macho kama pilokapini yanayobana mboni na kumzimia mzee usiku wake bila mtu kujua.

Hata kama hana mtoto wa jicho, mumhurumie kidogo. Inakadiriwa retina ya mtu wa miaka 60 inapata kama theluthi moja tu ya mwanga anaopata kijana wa 20, kwa sababu mboni ya uzeeni haifunguki tena sawasawa na lenzi imeshakuwa ya njano. Akikuambia "siku hizi usiku umekuwa mweusi zaidi" hasemi kizee, anasema kitu kinachopimika. Muongezeeni taa kwenye ngazi na njia ya kwenda chooni wakati mnasubiri kumuona daktari, na funguo za gari usiku mshike nyie.

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 17. Jua likizama tu anaanza kujigonga, anakanyaga vitu, anashika ukuta. Mchana yuko sawa, chati anasoma mpaka mstari wa mwisho, dukani wakasema hahitaji miwani. Wazee nyumbani wanasema ale karoti. Je kuna lenzi ya kumsaidia?

JIBU: Hii ndio barua niliyoisoma mara tatu. Hapana, hakuna lenzi ya tatizo hili, na nashukuru dukani hawakumuuzia.

Dereva wa kwanza anaona ukungu gizani. Mdogo wako haoni, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nyuma ya jicho kuna seli za koni kama milioni 6 zinazofanya kazi ya mchana, ya rangi na ya kusoma, na seli za fimbo zaidi ya milioni 90 zinazofanya kazi gizani. Chati ya herufi inapima koni. Anaweza akaisoma yote na fimbo zake zikawa zinakufa pembeni kimya kimya, dukani wasione kitu, sio kosa lao, hawana kipimo hicho.

Kuhusu karoti, wazee wamebeba nusu ya ukweli. Fimbo zinahitaji vitamini A kutengeneza ile kemikali ya kunasa mwanga, na mtoto aliyepungukiwa sana vitamini A dalili yake ya mwanzo ndio hiyo hiyo ya kutoona magharibi, na akipewa anarudi. Ila anayepata ya kutosha hata ale karoti gunia zima haongezi kitu. Ile hadithi kwamba karoti zinampa mtu macho ya paka ilikuzwa Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia, walieneza kwamba marubani wao kama John Cunningham wanadungua ndege usiku kwa sababu ya karoti, kumbe ndani ya ndege kulikuwa na rada ambayo hawakutaka adui aijue.

Kinachonitia wasiwasi kwa kijana wa 17 ni ugonjwa wa kurithi unaoitwa retinitis pigmentosa, unampata mtu mmoja kati ya kama 4,000. Unaanza na usiku, alafu uwanja wa kuona unajibana pole pole kutoka pembeni mpaka mtu anakuwa kama anachungulia kwenye bomba. Sisemi anao, siwezi kusema hivyo kwa barua. Nasema aonwe na daktari wa retina, aangaliwe nyuma ya jicho mboni ikiwa imepanuliwa, apimwe uwanja wa kuona, na kile kipimo cha umeme wa retina kinachoonyesha fimbo zinaitika kiasi gani. Ulizeni kwenye ukoo pande zote mbili kama kuna mjomba au bibi aliyekuwa hatoki usiku, mara nyingi watu wanakumbuka wakiulizwa hivyo kuliko wakiulizwa "kuna kipofu?" Zipo aina nyingi za ugonjwa huu na nyingi bado hazina tiba, lakini kwa wale wenye hitilafu kwenye jeni (chembe ya urithi) ya RPE65, mwishoni mwa 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni inayodungwa chini ya retina, na inataka seli ziwe bado zipo hai za kuokoa. Ndio maana naomba msingoje likizo.

Wakati huo huo asiendeshe pikipiki wala baiskeli jioni, na atembee na tochi bila kuona aibu. Akisimama nje gizani mfundisheni kutokikazia macho moja kwa moja kitu anachokitafuta, akiangalie pembeni yake kidogo, maana katikati kabisa ya retina hakuna fimbo hata moja. Watazama nyota wote wanafanya hivyo. Kama fimbo zake zipo zilizobaki, hapo ndipo zitakapomsaidia. Nitumie majibu ya daktari mkishaonana naye, nitasoma.